Nani Hukata Maini? Walinzi wa Ini na Sumu za Mwambao wa Tanganyika

Mtu akiumizwa sana rohoni, Waswahili husema amekatwa maini. Msemo huo ni wa huzuni, lakini wanaochunguza ini siku hizi wangeweza kuuchukua ulivyo na kuugeuza swali. Kemikali inapoingia mwilini na ini likaharibika, nani hasa ameshika kisu? Ni kemikali yenyewe, au ni seli za kinga ambazo kazi yake ni kulilinda ini hilohilo?

Swali hili halikai maabara peke yake. Simama nusu saa tu katika soko la Mulongwe, mjini Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Mama muuza dawa ametandaza vidonge kwenye beseni la plastiki. Mteja ana franka za vidonge vinne, wala si za plaketi nzima, kwa hiyo mkasi unapita katikati. Jina la dawa linabaki upande mmoja na tarehe ya kuisha upande wa pili. Hatua chache mbele kuna gunia la karanga lililonyeshewa njiani kutoka bonde la Ruzizi, na karanga za chini zimeanza kuota ukungu wa kijani. Pembeni kuna mizizi na magome ya dawa ya kienyeji yaliyofungwa vifungu, na jioni ikiingia pombe ya kanyanga huuzwa katika chupa zilizowahi kuwa za maji. Vitu hivi vinne havifanani kwa sura, bei wala sifa. Vikishamezwa, vyote vinafuata njia moja na kufika mlango mmoja.

Hoja ya makala haya ni kwamba kemikali hulijeruhi ini kwa mapigo mawili: la kwanza ni la sumu, la pili ni la kinga. Kwa miaka thelathini wataalamu wamebishana kama walinzi wa ini ni marafiki au maadui. Ubishi huo sasa unaelekea kwenye jibu jingine, kwamba inategemea saa na inategemea ni ini la nani. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayomhusu mtu wa Uvira, kwa sababu ini lililochunguzwa zaidi ni la panya wa maabara, na panya huyo hajawahi kuoga ziwani.

Forodha ya mwili

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, na kila dakika hupitiwa na damu ya kiasi cha lita moja na nusu. Robo tatu ya damu hiyo hailetwi moja kwa moja na moyo. Inatoka tumboni na kwenye utumbo kupitia mshipa mnene unaoitwa mshipa wa lango. Kama vile anayetoka Gatumba, upande wa Burundi, kwa barabara kuja Uvira asivyoweza kukwepa forodha ya Kavimvira, karibu kila kinachonyonywa na utumbo hupita kwenye ini kabla ya kufika moyoni au kwenye ubongo: bugali, mukeke wa kuchoma, kidonge, sumukuvu ya karanga zenye ukungu, hata vipande vya bakteria waliokufa.

Maofisa wa forodha ni seli za ini zenyewe. Zina vimeng'enya vya jamii ya saitokromu vinavyofungua kila mzigo, kuukatakata na kuufanya uyeyuke majini ili utoke kwa mkojo au kwa nyongo. Walinzi ni seli nyingine. Mashuhuri kati yao ni seli za Kupffer, zilizoitwa hivyo kwa heshima ya Karl Wilhelm von Kupffer, mtaalamu wa Kijerumani aliyeziona mwaka 1876 zikiwa na umbo la nyota. Hakujua kazi yake. Aliyezitambua kuwa ni seli zinazomeza uchafu, yaani makrofeji, alikuwa Tadeusz Browicz wa Kraków, mwaka 1898. Makrofeji hizi zimekaa ndani ya vijishipa vya ini, zimenyoosha mikono katikati ya mkondo wa damu, na peke yake ni zaidi ya asilimia 80 ya makrofeji zote zenye makao ya kudumu mwilini. Huingia kwenye ini tangu mtoto yumo tumboni mwa mama, kisha huzaana humohumo.

Kando yake kuna seli nyingine za kinga za aina mbalimbali: seli za NK zinazoua bila kungoja amri, seli za T za namna nyingi, na pale penye vurugu huja wageni kutoka kwenye uboho wa mifupa, yaani nyutrofili wanaofika mbio na monositi wanaofuata baadaye.

Sifa ya kwanza ya walinzi hawa ni subira. Kila siku hupitiwa na vitu vigeni kwa maelfu. Kama wangefyatua risasi kila kipitapo kitu wasichokijua, kila mlo ungekuwa ugonjwa. Kwa hiyo ini ni kiungo kilichofundwa kuvumilia, na uvumilivu huo ndio ufunguo wa yatakayofuata.

Pigo la kwanza

Tuanze na paracetamol, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote na ndiyo iliyojaa kwenye beseni la Mulongwe. Katika kipimo chake ni dawa salama. Mtu mzima hapaswi kuvuka gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Sehemu kubwa ya dawa huvikwa kifungashio na kutolewa bila fujo. Sehemu ndogo tu hupita kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 na kugeuka kuwa kemikali kali, NAPQI, ambayo huzimwa papo hapo na glutathioni, akiba ya ini ya kuzimia moto.

Mtu akimeza nyingi, akiba hiyo hukauka. NAPQI hukosa wa kuizuia, hujibandika kwenye protini za seli, huharibu mitokondria zinazozalisha nguvu, na seli hupasuka. Hadi hapo hakuna seli ya kinga iliyoshika silaha. Hili ni pigo la kemikali tupu, nalo huanguka zaidi katikati ya vitongoji vidogo vinavyoliunda ini, palipo na CYP2E1 kwa wingi.

Hatari yake ni ukimya. Siku ya kwanza mgonjwa anaweza kutapika kidogo, akalala, akaamka akidhani yamekwisha. Macho hugeuka manjano siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kurudisha glutathioni, asetilisisteini, imekuwepo tangu miaka ya 1970 na iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Kwa mtu aliyemeza vidonge usiku kule Mboko, akingoja kuche na barabara ipitike, saa nane zinaweza kuisha kabla hajaliona geti la hospitali.

Sumukuvu hufuata mkondo huohuo. Kuvu waitwao Aspergillus flavus huota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri, na sumu wanayoitoa si kali sana hadi ini lenyewe liifungue. Saitokromu huigeuza kuwa kitu kinachoshikamana na vinasaba. Glutathioni ndiyo inayojaribu kuizima hapa pia. Afrika Mashariki inaijua sumu hii kwa machungu: mwaka 2004 Makueni, Kitui na wilaya jirani nchini Kenya zilipata wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kwetu nako si mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya vyakula vya masoko ya Burundi na mashariki mwa Kongo uliikuta sumukuvu kwenye mazao ya kila siku.

Pigo la pili, na ugomvi wa wataalamu

Seli inapopasuka humwaga matumbo yake nje: vipande vya mitokondria, protini za kiini, vinasaba. Vitu hivyo havikupaswa kuonekana nje ya seli, na walinzi huvisoma kama kilio cha mwizi. Seli za Kupffer huamka, hutoa kemikali za kuitana, na umati hukusanyika. Ugomvi unaanzia hapa.

Mwaka 1995, Debra Laskin na wenzake wa New Jersey, Marekani, waliwapa panya wakubwa wa maabara gadolini kloridi, kemikali inayolemaza seli za Kupffer, kisha wakawapa paracetamol nyingi. Ini liliumia kidogo kuliko kawaida. Hitimisho lilionekana wazi, kwamba mlinzi ndiye muuaji na ukimfunga mikono nyumba inapona.

Miaka saba baadaye, Cynthia Ju, Lance Pohl na wenzao wa taasisi za taifa za afya huko Bethesda walirudia jaribio kwa njia nyingine. Walitumia panya wadogo, na badala ya kuzilemaza seli za Kupffer walizimaliza kabisa kwa vitone vya mafuta vilivyobeba sumu ya klodroneti. Safari hii ini liliharibika zaidi. Zilipoondolewa, ilibainika kwamba seli zilezile zilikuwa zikitoa pia vitu vya kutuliza, kama kile kiitwacho IL-10. Mlinzi aliyehukumiwa jana akageuka shahidi wa utetezi.

Kisa cha seli za NK kinafundisha zaidi. Mwaka 2004, watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba panya walioondolewa seli za NK na jamaa zake walistahimili paracetamol vizuri zaidi. Mwaka 2008 kundi jingine likauliza swali dogo: paracetamol haiyeyuki vyema majini, je, mliiyeyusha kwa kitu gani? Ilikuwa imeyeyushwa kwa kiyeyushi kiitwacho DMSO, na kiyeyushi hicho chenyewe ndicho kilichozijaza seli za NK kwenye ini na kuziamsha. Bila DMSO, mchango wao ulitoweka. Wale waliokamatwa eneo la tukio walikuwa wameitwa na kengele ya mpelelezi mwenyewe.

Ubishi juu ya nyutrofili nao umechukua miaka. Hartmut Jaeschke wa Kansas ameshikilia kwa muda mrefu kwamba, katika sumu ya paracetamol, nyutrofili huja kuzoa maiti za seli na hawaui walio hai. Wengine wameleta majaribio yanayodai kinyume. Ukiyasoma majaribio ya pande zote unagundua kwamba mara nyingi walipima kwa saa tofauti. Aliyeangalia ini saa sita baada ya sumu na aliyeangalia saa arobaini na nane hawakuangalia ini moja.

Saa ndiyo iliyofumbua fumbo la monositi. Watafiti wa Colorado walionyesha mwaka 2008 kwamba monositi humiminika kwenye ini lililojeruhiwa kwa paracetamol, na panya ambao monositi wao hawawezi kuja hupona polepole zaidi. Wakifika huwa wakali, kisha wakishakula mabaki ya seli zilizokufa hubadilika tabia, huzima moto na kuhimiza seli mpya kuota. London, mwaka 2012, wataalamu wa hospitali ya King's College walizikuta dalili za jambo hilohilo kwa binadamu ambao ini lao lilishindwa kazi kwa paracetamol: makrofeji zilikuwa zimejaa mahali palipokufa, zikizaana humo, na sura yake ilikuwa ya watengenezaji zaidi kuliko waharibifu.

Hata kemikali moja inaweza kuwa na nyuso mbili. TNF, inayotolewa na seli za Kupffer, inaweza kuisukuma seli iliyochoka ife. Lakini panya wasio na kipokezi chake hushindwa kuotesha ini jipya wakikatwa sehemu ya ini. Anayetaka kuizima TNF hana budi kujibu kwanza: saa ngapi?

Kidonge cha malaria na breki za kinga

Mpaka hapa tumezungumzia sumu zinazomuumiza yeyote akizidisha. Kuna jeraha la aina nyingine, la mtu mmoja kati ya maelfu, aliyemeza kipimo sahihi cha dawa sahihi na ini lake likawaka. Hapo pigo la kwanza ni dogo mno, na karibu kazi yote hufanywa na kinga.

Mfano mzuri tunao nyumbani. Tangu mwaka 2005 Kongo imekuwa ikitibu malaria isiyo kali kwa mchanganyiko wa artesuneti na amodiakwini. Amodiakwini ni dawa ya zamani. Katika miaka ya 1980 wasafiri walioimeza kila wiki kwa muda mrefu ili kujikinga walipata madhara ya damu na ini, mengine ya kuua, na matumizi hayo ya kujikinga yakaachwa. Kwa matibabu ya siku tatu imebaki dawa ya maana sana, na hatari ya malaria isiyotibiwa inaishinda mbali hatari ya kidonge.

Kwa nini wiki nyingi ziwe hatari na siku tatu zisiwe? Sehemu ya amodiakwini hugeuzwa kuwa kemikali inayojibandika kwenye protini za mwili. Protini iliyobandikwa hugeuka sura, na kinga inaweza kuiona kama mgeni. Jack Uetrecht na wenzake wa Toronto waliwapa panya amodiakwini mfululizo. Ini liliumia kidogo, kisha likapona ingawa dawa iliendelea kutolewa. Kinga ilikuwa imejifunza kuvumilia. Ndipo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2015, wakazikata breki mbili za seli za T, ziitwazo PD-1 na CTLA-4, wakatoa dawa ileile. Safari hii ini lilijeruhiwa kwa namna inayofanana na ya wagonjwa wa kweli.

Fundisho lake ni kubwa kuliko dawa moja. Huenda wengi wetu huumizwa ini kidogo na dawa tunazomeza, na hatujui kwa sababu breki zimeshika. Anayeugua ni yule ambaye breki zake zimelegea, au ambaye dawa mbili zimekutana vibaya mwilini mwake. Mwaka 2007 utafiti mdogo juu ya watu wazima wenye afya waliopewa mchanganyiko huu wa malaria pamoja na efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ulisimamishwa baada ya vimeng'enya vya ini kupanda katika damu ya wawili, ishara ya ini kuumia. Efavirenzi huziba njia ambayo amodiakwini huitumia kutoka. Ndiyo maana swali la muuguzi, «unameza dawa gani nyingine?», si la kujaza fomu tu.

Kanyanga na ukuta wa utumbo

Pombe imeonyesha jambo ambalo paracetamol haikuweza kulionyesha wazi, kwamba adui wa ini anaweza kuwa ametoka utumboni. Katikati ya miaka ya 1990, Ronald Thurman na wenzake wa North Carolina waliwanywesha panya pombe kwa wiki kadhaa. Waliolemazwa seli za Kupffer kwa gadolini waliumia ini kidogo. Jaribio la pili likastaajabisha zaidi: waliopewa antibiotiki za kuua bakteria wa utumbo nao waliumia kidogo, ingawa pombe ilikuwa ileile.

Pombe huulegeza ukuta wa utumbo. Vipande vya maganda ya bakteria, viitwavyo endotoksini, huvuja, hupanda mshipa wa lango na kuwafikia walinzi kwa wingi usio wa kawaida. Seli za Kupffer huamka na kutoa TNF. Pombe hiyohiyo huongeza CYP2E1, kimeng'enya kinachoigeuza paracetamol kuwa sumu. Mlevi anayetuliza kichwa asubuhi kwa kiganja cha vidonge amelipiga ini lake kutoka pande mbili.

Sasa ongeza maji. Uvira inajulikana katika sayansi ya afya kwa kipindupindu, hata wataalamu wa chuo cha afya cha London, London School of Hygiene and Tropical Medicine, wamefanya utafiti wa miaka kuhusu bomba la maji la mji huu. Utumbo unaoshambuliwa mara kwa mara na maji machafu ni utumbo wenye ukuta dhaifu, hata kwa mtoto asiyewahi kuonja pombe. Robert Roth, Patricia Ganey na wenzao wa Michigan walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 2000 maana ya jambo hilo. Waliwapa panya sumukuvu kwa kipimo kidogo, kisha endotoksini kidogo isiyodhuru ikiwa peke yake. Vilipokutana, ini liliharibika vibaya, na seli za kinga zilikuwa katikati ya uharibifu huo. Karanga zenye ukungu na maji machafu huingia nyumba moja, na pengine hukutana sahani moja.

Panya safi na mvuvi

Panya wa maabara huishi katika sanduku safi, hula chakula kilichopimwa, hana mnyoo, hana malaria. Mwaka 2016, watafiti wa Minnesota walilinganisha kinga ya panya hao na ile ya panya wa dukani waliokulia kwenye uchafu. Panya wa maabara walifanana na mtoto mchanga wa binadamu, na wale wachafu walifanana na mtu mzima. Isitoshe, ini la panya limejaa aina fulani ya seli za T, ziitwazo NKT, ambazo kwetu ni chache. Letu limejaa seli za MAIT, ambazo kwa panya ni adimu. Walinzi wenyewe si ukoo mmoja.

Sasa mtazame mvuvi wa Makobola. Alijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kusoma, na konokono wa kando ya maji humpa kichocho cha tumbo. Katika miaka ya 1980, daktari Mbelgiji Bruno Gryseels alikichunguza kichocho hicho ng'ambo ya mto, katika bonde la Rusizi upande wa Burundi, mahali wanapooga na kufua watu wa maisha yaleyale. Minyoo wazima hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kutaga mayai. Mayai mengine husombwa na mshipa wa lango hadi kwenye ini, yakakwama. Kinga haiwezi kuyaua haraka, kwa hiyo huyazungushia ukuta wa makrofeji na seli nyingine, kila yai na kaburi lake. Makaburi yakiwa mengi, mishipa huzibwa na makovu, wengu huvimba, na mtu huanza kutapika damu. Hapa hakuna kemikali ya dukani, lakini walinzi tayari wako kazini mchana na usiku.

Juu ya hayo kuna malaria, ambayo huzijaza seli za Kupffer takataka nyeusi za damu iliyoliwa na vimelea. Kuna homa ya ini B, ambayo wengi huipata utotoni bila kujua. Kule Kenya mwaka 2004, walioumizwa na sumukuvu walikutwa na virusi vya homa ya ini B mara nyingi zaidi kuliko majirani zao wasiougua. Shanghai, katika utafiti wa miaka ya 1990, dalili za sumukuvu peke yake zilizidisha hatari ya saratani ya ini kwa kiasi cha mara tatu, virusi peke yake mara saba, na vyote viwili pamoja karibu mara sitini. Hapo ini halikujumlisha hatari, lilizizidisha.

Halafu kuna njaa. Glutathioni hutengenezwa kwa protini, hasa kwa sisteini iliyomo kwenye samaki, nyama, mayai na maharagwe. Kivu Kusini ina historia ndefu katika jambo hili. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, watafiti walikaa miongo wakichunguza kwashiakoo, ugonjwa wa utapiamlo unaolijaza ini mafuta na kuiacha akiba ya glutathioni ikiwa chini. Mtoto anayekula bugali wa mihogo siku nzima bila ndagala ana ndoo tupu siku moto utakapowaka.

Ushahidi wa karibu zaidi na hali yetu unatoka ziwa jingine. Rakai, Uganda, mwaka 2011, vipimo vilionyesha makovu makubwa ya ini kwa asilimia 17 ya watu wenye virusi vya Ukimwi na asilimia 11 ya wasio navyo. Yaliyoambatana na makovu hayo ni pamoja na pombe nyingi, dawa za miti shamba na kazi ya uvuvi. Mtu anayesoma orodha hiyo akiwa Kalundu, mitumbwi ikiwa imeegeshwa mbele yake, haoni haja ya ramani.

Tufanye nini na walinzi?

Anayesikia kwamba kinga hulipiga ini anaweza kusema basi tuizime. Ushahidi hauruhusu haraka hiyo. Ukiizima mapema, huenda ukazuia uharibifu. Ukiizima siku mbili baadaye, unawafukuza mafundi waliokuja kujenga. Kwa mtu mwenye kichocho, malaria na kifua kikuu kilicholala, kuzima kinga ni kufungua mlango kwa wengine. Edinburgh wamechagua njia ya kinyume. Wanachukua monositi za mgonjwa wa ini lenye makovu, wanazilea ziwe makrofeji, na kumrudishia. Jaribio la kwanza, la wagonjwa tisa, lilichapishwa mwaka 2019 na lilionyesha kwamba tiba hiyo inavumilika. Katika miaka ishirini na kidogo, mlinzi aliyefungwa pingu kwa gadolini ameanza kutumiwa kama dawa.

Tiba hiyo haitafika Uvira kesho, wala si hiyo inayohitajika kwanza. Kama jeraha hutegemea saa na hali ya ini, kazi kubwa hapa ni mbili: kulipunguza pigo la kwanza, na kuwapumzisha walinzi kabla halijafika. Karanga zikaushwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na zilizooza zitupwe, zisisagwe kuwa unga wa watoto. Chanjo ya homa ya ini B iwafikie watoto wote. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, itolewe kwa watu wazima wanaoingia majini kila siku, siyo wanafunzi peke yao. Asetilisisteini ikae kwenye kabati la hospitali kabla mgonjwa hajaja. Muuguzi aulize juu ya magome na mizizi bila kukunja uso, maana mgonjwa aliyeaibishwa huficha. Na anayemeza dawa ya malaria au ya kifua kikuu akaona macho yake yanageuka manjano asijiamulie mwenyewe kuendelea wala kuacha, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Utafiti nao unapaswa kuhamia hapa. Uvira ina kituo cha haidrobiolojia ambacho kwa miongo kimewachunguza samaki na maji ya Tanganyika. Ini la binadamu anayekunywa maji hayo na kula samaki hao linastahili macho ya namna hiyo.

Turudi kwa swali la kisu. Kisu cha pili kimo mikononi mwa walinzi wetu wenyewe, na hukitumia mara kuua, mara kupasua jipu ili kidonda kipone. Kuwanyang'anya ni jambo la kupigia hesabu ya saa kwa saa, na hospitali chache duniani zinaiweza hesabu hiyo. Cha kwanza kiko Mulongwe, nacho ni mkasi. Kila unapopita katikati ya plaketi, mnunuzi anaondoka na dawa isiyo na jina, isiyo na tarehe, isiyo na kipimo. Muuzaji akikata kwa namna ambayo maandishi yanabaki upande wa mteja, na akatamka kwa mdomo kwamba mwisho wa paracetamol kwa mtu mzima ni vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, hatakuwa amemgusa mlinzi hata mmoja wa ini. Atakuwa amewapunguzia vita.